Bunduki ya Mjomba

Jumanne, 4 Machi

Dawa ya presha. Chai bila sukari. Mkate wa jana. Kisha basi hadi mtaa wa Alum Rock kutafuta sombe, yale majani ya muhogo, kwa sababu Neema ameikumbuka, na binti anayekaribia kuolewa hanyimwi kitu.

Nikapita kwa Lubunga. Sikutaka, lakini ukionekana kwenye barabara yake bila kuingia kwake, jioni ukoo mzima umeshajua. Mke wangu alipofariki aliniachia mdogo wake huyu kama mtu anavyoachiwa ugonjwa.

Alikuwa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Bunduki imebanwa kwenye jiliwa, yeye ameinama juu yake na msumeno wa chuma. Kipande cha mtutu kilikuwa tayari sakafuni. Nilisimama mlangoni nikamtazama akifanya kazi. Nimeona kwa macho yangu.

"Karibu, Shemeji. Usiguse kitu, utachafua mikono ya ofisi."

Bunduki ni ya Mutua, yule muuguzi kutoka Machakos anayemwoa Neema wangu. Kwetu, mjomba wa bibi harusi hupewa bunduki katika mahari. Zamani lilikuwa gobori la kuwindia. Mutua hakujua desturi hii, kwao ni mbuzi na blanketi. Akauliza, akaelekezwa, akaenda kwa wauzaji wa silaha kuukuu za majeshi ya nje na kununua moja iliyolemazwa kisheria. Haipigi, haifunguki. Pambo. Niliridhika.

Lakini desturi ina hatua yake. Mjomba hupelekewa bunduki mapema aikague kwa faragha, kisha huirudisha kwa mkwe, ili siku ya sherehe akabidhiwe mbele ya watu bila aibu. Lubunga ameikagua. Hakuipenda.

"Hii iko maiti," alisema. "Mdomo umefungwa. Na ni ndefu kama ya askari. Mimi si askari, mimi ni mjomba. Natengeneza ifanane na ya babu."

Akavuta kile chuma cha nyuma ambacho hakikupaswa kusogea tena. Kikalia. Akacheka kama mtoto aliyepata kengele.

Nilisahau sombe dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Maktaba asubuhi yote. Yule dada wa mapokezi ananijua, aliniwashia kompyuta bila kuniuliza.

Nilikuwa karani wa mahakama kwetu Uvira kwa miaka mingi. Lugha ya sheria ya Waingereza ni nyingine, lakini tabia ya sheria ni ileile. Huwa haisomi moyo wa mtu, inasoma kitu kilicho mezani.

Nilichokielewa ni hiki. Kumiliki bunduki hai kunahitaji cheti cha polisi, na sababu inayokubalika. Kufurahisha mjomba si sababu. Bunduki iliyolemazwa haihitaji cheti hicho, ila lazima iwe imelemazwa kwa kipimo kilichowekwa, ipigwe muhuri kwenye nyumba ya ukaguzi, na iwe na hati yake. Mwenye nayo aiarifu serikali, na arifa itolewe tena inapobadili mikono. Mutua alifanya yote hayo. Kijana wa utaratibu.

Sasa upande wa pili. Ukigusa kile kilichoiua, hati imekufa badala ya bunduki. Sheria haiulizi kama risasi itatoka. Inauliza kama kazi ya kuilemaza bado iko kamili. Na mtutu ukifupishwa kupita kipimo, mambo yanazidi, silaha inaweza kuhesabiwa katika kundi ambalo raia hana ruhusa ya kuwa nalo kabisa. Kwa kundi hilo hakimu anaanza kuhesabu miaka, si miezi.

Tena: kutoa zawadi ni sawa na kuuza. Kila mkono unaopokea ni kosa jipya.

Nimesoma mara mbili.

Mji huu umetengeneza bunduki tangu zamani na kuzipeleka pwani zote za Afrika zibadilishwe na watu na pembe. Huenda hata gobori la babu yake Lubunga lilizaliwa umbali wa kutembea kutoka maktaba hii. Sikuona raha yoyote katika wazo hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Nilienda kwa Lubunga kumweleza. Nilikwenda kwa upole. Nimejuta upole huo.

Bunduki haipo. Ameshairudisha kwa Mutua jana, imefungwa ndani ya kitenge. Iko chini ya kitanda cha Mutua kule Ladywood, kwenye nyumba anayokaa na wauguzi wenzake.

Nilimweleza sheria hatua kwa hatua. Alikuwa anakula karanga. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

"Wewe uko mtu wa karatasi," alisema. "Kule nyumbani karatasi ilikusaidia nini? Ulikimbia nayo?"

Nilikimbia na mke, na mkoba wa dawa, na Neema akiwa tumboni. Anajua. Alikuwa anatembea mbele yetu.

Nikamuuliza polisi wakiikuta kwa Mutua atasema nini.

"Nitasema ilikuja vile."

Hakupepesa macho. Akaongeza kwamba bila bunduki hatakunywa. Na mjomba asipokunywa kikombe cha mkwe, binti hatoki. Kila mtu wa kwetu anajua hilo, hata wale waliozaliwa hapa na hawajui jina la mlima hata mmoja.

Namchukia. Naliandika bila kulipunguza.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Lubunga alishuhudia, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe mwenye heshima. Watu walisema amina. Mimi nilifunga kinywa. Mama mmoja kutoka mji wa Baraka aliyeketi mbele yangu aligeuka akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Mutua amekuja baada ya zamu, bado amevaa viatu vyake vya wodini. Nilimpa chai ya maziwa mengi anavyopenda. Nikamwambia kila kitu.

Aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Mzee, mimi nilidhani ni ya kuonyesha tu. Mjomba aliniletea akaniambia ameisafisha."

"Ulifungua kitenge?"

"Sikufungua. Si zawadi yake? Mtu hufungua zawadi ya mwenyewe kweli?"

Ndiyo balaa yenyewe. Heshima. Angekuwa mtoto jeuri angefungua, angeona, angepiga kelele.

Usajili wake wa uuguzi. Visa yake. Mama yake Machakos aliyeshauza ng'ombe aje kwenye harusi. Vyote viko chini ya kitanda kile. Nilimwona akivifikiria kimoja kimoja.

"Sasa nifanye aje?"

Nikamwambia asiiguse, asiisogeze, asiipakie kwenye gari la rafiki yeyote. Asiitupe mferejini kama walivyofanya wengine wakaongeza kosa juu ya kosa. Afunge chumba kwa ufunguo. Kesho tunaenda kwa wakili.

Hakumaliza chai.

Jumanne, 11 Machi

Wakili ni mwanamke kijana, mwenye asili ya Kihindi, sauti kavu. Nilimpenda mara moja. Hakusema pole hata mara moja.

Alithibitisha nilichosoma, akaongeza nisichokisoma. Kujisalimisha mapema kunasaidia sana. Polisi waifuate chumbani wenyewe, kwa mpango wake, akiwepo. Mutua atahojiwa chini ya onyo, yaani maneno yake yataandikwa kama ushahidi. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Nani aliikata?"

Mutua alitazama zulia. Nikajibu mimi kwamba tutazungumza kwanza nyumbani.

Nje, kwenye baridi, Mutua alisema hatamtaja. "Nikimtaja mjomba, Mzee, nitaingiaje kwenu? Nitakuwa mkwe aliyempeleka mjomba ndani. Hata Neema hataweza kunitetea."

Nikamwambia asipomtaja, kazi ya msumeno inabaki yake. Silaha imenunuliwa kwa jina lake, imekutwa kwake, imekatwa ikiwa mali yake. Hakuna askari atakayetafuta mkono mwingine.

"Basi ibaki yangu," alisema.

Kijana mpumbavu. Nimeshindwa kumkasirikia, nikamkasirikia basi lililochelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Neema anajua. Mutua alimwambia. Anafanya kazi ya kutunza wazee wa watu siku nzima, akirudi hana subira iliyobaki kwa wa kwake.

Alitaka tungoje hadi sherehe ipite. "Baba, ni wiki mbili tu. Ikabidhiwe, mjomba anywe, halafu fanyeni mnavyotaka."

Ikabidhiwe mbele ya ukumbi mzima, simu zikirekodi, video ikitumwa Lubumbashi na Dadaab kabla ya wali kuliwa. Nilimwambia hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Wewe na mjomba mmegombana tangu mazishi ya mama," alisema. "Umepata sababu, basi."

Nilikwenda kusimama dirishani. Chini, watoto wa mtaa wetu wa Castle Vale walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta. Nusu yake ni kweli. Ningekuwa nampenda Lubunga, ningekwenda maktaba haraka vile? Sijui. Lakini sheria ingekuwa ileile.

Ijumaa, 14 Machi

Lubunga amepata habari kwamba tumekwenda kwa wakili. Neema alimpigia simu kumwomba akubali kitu kingine badala ya bunduki. Alidhani anasaidia.

Ujumbe wa sauti wa Lubunga kwenye kundi la familia, watu wote wanasikia: "Shemeji wangu amekuwa polisi wa Mwingereza. Dada yangu alijitwika sahani akiwa na mimba kumtoa kule, leo anauza damu yake. Muulizeni bei." Kisha kicheko. Kisha mpwa fulani wa Manchester akaweka alama ya kicheko chini yake.

Nimejitoa kwenye kundi. Shinikizo la damu limepanda. Nimelala mchana na viatu miguuni.

Jumatatu, 17 Machi

Leo polisi waliichukua.

Wakili alikuwepo, nami nilikuwepo, kwa ruhusa. Walikuja wawili kwa gari la kawaida, bila king'ora, wenye adabu. Mmoja alivaa glavu akafungua kitenge kitandani. Ndipo Mutua alipoiona kwa mara ya kwanza tangu aipeleke kukaguliwa.

Ilikuwa fupi, mbaya, kitako kimepigwa msasa hadi kikang'aa. Lubunga alikuwa amekichongea ua dogo. Hilo lilinichoma. Aliifanya kwa mapenzi. Mtu anaweza kuifanya kwa mapenzi kazi ya kumfunga mwenzake.

Askari alipima mtutu kwa utepe, akamtazama mwenzake. Nimekaa mahakamani vya kutosha kujua maana ya mtazamo ule.

Mutua alikwenda nao kwa hiari kuhojiwa. Wenzake wa nyumba walisimama ngazini na vikombe vyao. Mmoja wao, Mkenya pia, alimwambia, "Boss, kesho zamu yako nashika mimi." Ni neno zuri kuliko yote niliyosikia mwezi huu.

Alirudi jioni. Alisema alieleza yote ila jina. "Niliwaambia ilikuwa kwa mzee wa familia. Basi."

Kazini wamemwondoa wodini hadi jambo liishe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefikiri siku tatu. Nimezunguka ziwa dogo la bustani mara nyingi hadi bata wakanizoea.

Hoja za upande wa kunyamaza: Ni ndugu wa mke wangu. Ni mzee. Ana kisukari. Hakujua sheria, hata kama nilimweleza baadaye. Sherehe ni wiki ijayo.

Upande wa kusema upo mmoja tu. Mutua hakufanya.

Nimekwenda na wakili, nikatoa maelezo. Jumanne tarehe nne, kibanda, jiliwa, msumeno, kipande sakafuni. Maneno aliyosema. Niliyaeleza kama yalivyosemwa, bila chumvi. Wakaniuliza kama nina ugomvi naye. Nikajibu ndiyo, wa miaka mingi, waandike hivyo.

Nikatia sahihi.

Jumatatu, 24 Machi

Wamekwenda kwa Lubunga asubuhi. Walipekua kibanda, wakakuta kipande cha mtutu. Alikuwa amekifanya kishikio cha mlango.

Hakukimbilia uongo, wakili anasema. Alipowaona alisema ndiyo, ni mimi, mnataka kujifunza? Kisha alikasirika kwa sababu hawakuelewa utani. Wamemhoji, wamemwachia, atangoje.

Basi ule mdomo wa "ilikuja vile" ulikuwa wa kunitisha mimi tu. Au alibadilika aliposimama mbele ya sare. Sitajua.

Neema hakula chakula nilichopika. Alisimama jikoni na koti lake. "Umemshitaki mjomba. Wiki ya harusi yangu, Baba." Hakupaza sauti. Akaenda kulala kwa rafiki yake.

Nilikula peke yangu. Nilikula vizuri, jambo lililonishangaza.

Jumatano, 26 Machi

Simu kutoka kwa wazee wa kanisa. Wanataka nimwangukie Lubunga kabla ya Jumamosi. Nikauliza nimwombe radhi kwa lipi. Mzee mmoja akasema, "Kwa jumla." Nikakata simu.

Wanawake walioolewa katika ukoo wa mke wangu wamesema hawatapika. Upande wa mama wote umesusa. Mama wa Baraka peke yake amesema atapika, sufuria zake ni kubwa na hapendi kelele.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika sasa kabla sijabadilisha lolote kichwani.

Ukumbi wa Ladywood. Upande wa Mutua ulijaa: wauguzi, wanafunzi, mama yake aliyewasili juzi na bado anashangaa jua linaloangaza bila kupasha moto. Upande wetu viti vingi vitupu. Neema alikuwa amevaa kitenge cha mama yake. Hakunitazama.

Kwenye mkeka palikuwa na blanketi, chumvi, jembe, mbuzi wa picha kwa sababu mbuzi hai haruhusiwi ukumbini. Mahali pa bunduki paliachwa wazi. Hakuna aliyethubutu kuweka kitu pale.

Msemaji alitaka tuanze bila mjomba. Mama yake Mutua akakataa. "Kama hakuna mjomba, mimi nitaambia watu wa Machakos tulichukua msichana kwa nani?"

Tukangoja. Chakula kilipoa. Vijana walianza kuchezea simu. Mtu akapendekeza mjomba wa kuazima, Mtanzania mmoja aliyekuwa tayari sana. Watu walicheka, nami pia, kwa hofu.

Lubunga akaingia.

Suti yake ya kijivu ya mazishi. Peke yake. Alipita katikati ya ukumbi bila kumpa mtu mkono, akaketi kwenye kiti cha mjomba. Akatazama mkeka. Akatazama ile nafasi tupu, kwa muda mrefu.

Mutua alipiga magoti na kikombe. Sisi watu wa kanisa hatuna pombe, ni soda ya machungwa. Soda ilimwagika kwenye kiatu cha Lubunga.

"Mjomba, nisamehe. Sikukutaja."

"Najua wewe hukunitaja," Lubunga alisema. Sauti yake ilifika hadi nyuma. "Wewe ni mwanaume. Umekuja bila bunduki, lakini ni mwanaume. Aliyenitaja amekaa pale na miwani yake."

Watu wote waligeuka kunitazama. Niliwaacha wanitazame.

Akachukua kikombe. Hakunywa. Alikishika tu. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilifikiri: akikimwaga, nimemharibia mtoto wangu maisha yake kwa kusema kweli. Nilifikiri hivyo wazi kabisa, na nilijua ningesema tena.

Alikunywa. Yote, hadi chini. Akampa Mutua kikombe, akamshika Neema kichwani na kusema maneno ya kale ya kwetu, ya baraka, ambayo katika ukumbi ule tuliyaelewa mimi na yeye tu. Aliyasema yote. Hakupunguza hata moja.

Kisha akasimama mbele ya kiti changu.

"Nimekunywa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Wewe usinisalimie tena. Ukiniona Alum Rock, vuka barabara. Ukifa, nitatuma mtu."

Akatoka. Chakula cha mama wa Baraka kikapashwa moto. Watu wakala sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Wakili amepiga simu. Mutua hana kesi. Wamemchukua kama shahidi. Kazini wameambiwa, Jumatatu anarudi wodini. Nilimwuliza mara mbili, akanijibu mara mbili kwa sauti ileile kavu.

Lubunga wataendelea naye. Wakili anadhani umri wake, na kukiri kwake, na desturi yenyewe ikielezwa vizuri, vitamsaidia asifungwe. Nikajitolea kuieleza desturi hiyo kwa maandishi, mahakama ikitaka. Wakili wa Lubunga alimfikishia. Amejibu kwamba afadhali jela.

Neema alipiga simu kunishukuru kwa ajili ya Mutua. Alishukuru kama mtu anayelipa nauli. Itapita, labda.

Jumapili, 27 Aprili

Jua. Madirisha wazi kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kanisani Lubunga amehamia benchi za upande wa pili. Nilipoingia aliinamia Biblia yake. Amekonda. Mimi nimekaa pale pale pangu.

Neema na Mutua walikuja mchana. Sombe, samaki, kucheka kidogo. Neema aliniuliza mama yake alikuwa anaoga wapi utotoni, maana aliwahi kumsimulia juu ya kijito nyuma ya nyumba yao, chenye jiwe bapa ambalo wasichana walifulia. Alitaka jina la kijito.

Nilianza kulitaja. Halikuja. Nilizunguka jina la mlima, jina la padri, jina la jirani aliyefuga bata mzinga. Kijito hakikuja. Nikamwambia nitalikumbuka.

Wameondoka. Vyombo nimeosha. Katika mji huu wote yuko mtu mmoja anayelijua jina hilo, aliyekuwa analinda nguo za dada zake juu ya jiwe lile.

Sitampigia.